Simu za Kimataifa Zilizopigwa Ofisi Ikiwa Imefungwa: Namna ya Kuudhibiti Mtambo wa Simu

Swali: Ofisi yetu ina simu za mezani 42 zinazoendeshwa na mtambo mmoja uliounganishwa na intaneti. Ankara ya mwezi uliopita ilikuja ikiwa na mamia ya simu za nchi za mbali tusizo na shughuli nazo, zote zikiwa zimepigwa kati ya Ijumaa usiku na Jumatatu alfajiri, jengo likiwa limefungwa. Kampuni ya simu inasema zimetoka kwetu na lazima tuzilipe. Fundi wetu anashauri tubadilishe nywila na, ikiwezekana, tununue mtambo mpya. Je, hilo linatosha?

Jibu: Ndugu msomaji, poleni kwa hasara hiyo. Kubadilisha nywila ni lazima, lakini hakutoshi, na mtambo mpya ukipangwa kama ule wa zamani utaibiwa kama ule wa zamani. Mtambo wenu haukuharibika. Ulipokea agizo la kupiga nambari ya mbali, ukatazama kama umekatazwa, ukakuta haujakatazwa, ukapiga. Nywila huamua nani anaingia. Ruhusa huamua aliyekwisha kuingia anaweza kufanya nini, na katika mitambo mingi niliyoitwa kuikagua baada ya wizi, nywila dhaifu ilikuwa mlango tu, ilhali hasara yenyewe ilitokana na ruhusa ambazo hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akaziamua. Simu ya mapokezi, simu ya chumba cha mikutano na nambari ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi zote ziliweza kupiga dunia nzima, kwa sababu siku mtambo ulipowekwa ilikuwa rahisi zaidi kuruhusu kila kitu kuliko kuuliza nani anahitaji nini.

Kabla hamjagusa chochote, hifadhini ushahidi. Fundi akiurudisha mtambo katika hali ya kiwandani leo, atakuwa amefuta nyayo za mwizi, nanyi mtabaki mkiziba matundu kwa kubahatisha. Nakilini rekodi za simu za siku 30 zilizotangulia wizi, mipangilio ya mtambo kama ilivyo sasa, na kumbukumbu za ruta, kile kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti. Kisha mwombeni mtoa huduma azuie simu zote za kimataifa kwa upande wake hadi mtakapomwarifu vinginevyo. Mwandikieni siku hiyo hiyo kwamba mnazipinga simu zile, kwa kuwa fedha hupita katika mikono ya kampuni kadhaa kabla ya kumfikia mwizi, na mtoa huduma aliyejulishwa mapema huenda akaweza kuzuia malipo ambayo bado hayajapita. Kuhusu nani alipe, mikataba mingi humbebesha mteja simu zote zilizotoka kwenye mtambo wake, kwa hiyo usomeni mkataba wenu kabla ya kuingia katika mabishano.

Inafaa kuelewa mwizi anafaidikaje, maana ndipo mtaona kwa nini baadhi ya kinga hufaa na nyingine ni pambo. Watu wengi hudhani anatafuta kuzungumza bure. Siku hizi, mara nyingi, hakuna anayezungumza. Mwizi hupata nambari za malipo ya juu, ambazo kila dakika inayopigwa humpatia mwenye nambari mgawo, kisha huufanya mtambo wa mtu mwingine uzipigie. Katika kesi moja iliyoendeshwa New Jersey, Marekani, waendesha mashtaka walieleza kwamba kundi moja liliingia katika mitambo ya simu ya makampuni kati ya 2008 na 2012, likatafuta nambari za ndani (zile fupi za kila simu ya ofisi) zisizotumiwa na mtu, likazipanga upya ili zipige nje bila kikomo, na upande wa pili wa simu hizo palikuwa na mlio wa bandia, muziki, au ukimya mtupu. Hasara ilizidi dola milioni 50. Zingatieni hapo maneno "zisizotumiwa na mtu": nambari ya ndani isiyo na mwenyewe haina wa kulalamika inapotumiwa usiku.

Wikendi nayo huchaguliwa kwa hesabu. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi ni saa 62. Laini ya kidijitali ya aina ya E1 hubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwizi anayeijaza yote hujipatia dakika 111,600 kabla mtu hajafungua mlango wa ofisi. Laini za simu zinazopita kwenye intaneti zinaweza kuwa mbaya zaidi, maana huko idadi ya mazungumzo ya pamoja huzuiwa na mpangilio tu, na nimekuta mitambo ambayo mpangilio huo haukuwekwa kamwe.

Sasa chukueni rekodi za wikendi ile, mzipange kwa saa na sekunde. Kama kila simu iliyotoka imetanguliwa na simu iliyoingia sekunde chache kabla, na zote mbili zimekatika pamoja, basi mwizi alipiga nambari yenu kama mteja yeyote, kisha akautumia mtambo kutoka tena. Kama simu zilizotoka hazina mwenza aliyeingia, na zote zimeandikwa kwa nambari moja ya ndani, tuseme 214, zikiwa ishirini kwa wakati mmoja kutoka simu ya mezani yenye mkono mmoja, basi mtu alijisajili kupitia intaneti akijifanya 214. Tafuteni pia simu fupi ya majaribio, ya sekunde kumi au ishirini, kwenda nchi ile ile siku chache kabla. Mara nyingi ipo, na tarehe yake huwaonyesha ni lini mlango ulipatikana wazi.

Njia ya kwanza, ya mwizi anayepiga kama mteja, ndiyo ya zamani na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kanuni yake ni moja: simu iliyoingia kutoka nje isiweze kutoka nje tena. Mitambo mingi ina huduma kadhaa zinazoivunja kanuni hii, zote zikiwa zimewekwa kwa nia njema, na mbaya kuliko zote kwa maoni yangu ni sanduku la ujumbe wa sauti. Jaribuni wenyewe usiku wa leo. Pigeni nambari ya ofisi kwa simu ya mkononi, na ile sauti ya kupokea wageni inapoanza kusema "kwa mauzo bonyeza 1", bonyezeni nyota (*) au alama ya reli (#), kutegemea ni kipi hufungua masanduku katika mtambo wenu. Mkiombwa nambari ya sanduku, wekeni 214. Mkiombwa nambari ya siri, wekeni 214 tena, kisha 1234, kisha 0000. Nambari ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, lakini mwizi hana haja ya kuipitia yote ikiwa wafanyakazi watano kati ya arobaini hawakuwahi kubadilisha ile waliyopewa siku ya kwanza.

Sanduku likifunguka, mtu atauliza, kuna ubaya gani akisikiliza ujumbe wa mauzo? Ubaya umo katika huduma ya kumpigia aliyeacha ujumbe. Mwizi hupiga kwanza akiwa amegeuza nambari inayoonekana kwenu iwe ile ya malipo ya juu, anaacha ujumbe wa sekunde tatu, anakata, anarudi, anafungua sanduku na kubonyeza kitufe cha kumpigia mwenye ujumbe. Mtambo wenu, kwa utiifu kamili, unapiga nambari ile na kumuunganisha. Kwa hiyo zimeni huduma hiyo pamoja na kila huduma inayomruhusu mtu aliye ndani ya sanduku kupata laini ya nje. Nambari za siri ziwe za tarakimu sita au zaidi, zisifanane na nambari ya ndani. Sanduku lijifunge baada ya majaribio machache yaliyokosewa. Na masanduku yasiyo na wenyewe yafutwe.

Huduma ya pili ni ile inayowapa wafanyakazi walio safarini mlio wa laini wakipiga nambari maalumu na kuweka msimbo. Ilikuwa na maana enzi ambapo kupiga kutoka hotelini kulikuwa ghali. Leo mfanyakazi ana programu ya simu katika kompyuta yake, kwa hiyo sioni sababu ya kuiacha hai. Izimeni kabisa. Ya tatu ni kuelekeza simu kwingine: mtu huweka simu yake ya mezani ielekeze kwenye simu yake ya mkononi, jambo jema, lakini mtambo usiowekewa mpaka utakubali pia kuelekeza kwenye nambari ya upande wa pili wa dunia, na baadhi ya mitambo hukubali agizo hilo likitolewa kutoka nje ya ofisi. Ruhusuni kuelekeza kwenye nambari za ndani tu, na kwa wachache wenye haja, kwenye simu za mkononi za nchini; kimataifa, hapana.

Ya nne ni kuhamisha simu kutoka laini moja ya nje kwenda nyingine. Mitambo mikubwa ina mpangilio mmoja wa kulizuia jambo hili. Katika ule wa kampuni ya Cisco uitwao Unified Communications Manager upo mpangilio wa kuzuia uhamishaji kutoka nje kwenda nje, nao huja ukiwa umezimwa, kwa hiyo ni juu yenu kuuwasha; mitambo ya kampuni ya Avaya nayo ina mpangilio wa uhamishaji kati ya laini na laini ambao unaweza kukataliwa kabisa au kuwekewa masharti. Kwa wanaotumia Asterisk, programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu, kagueni herufi zinazofuata agizo la kupiga: herufi ndogo t humruhusu aliyepigiwa kuhamisha simu, na herufi kubwa T humruhusu mpigaji. Katika simu inayoingia, mpigaji ni mgeni wa nje, kwa hiyo T iliyonakiliwa bila kufikiri humpa mgeni uwezo wa kujihamishia anakotaka. Nimewahi kuikuta herufi hiyo katika kila mstari wa mpango wa upigaji, yaani masharti yanayoamua kila nambari ishughulikiwe vipi, na aliyeiweka hakukumbuka kwa nini.

Wapo pia wasiohitaji kuvunja chochote: humpigia mtu wa mapokezi wakidai kuwa mafundi wa kampuni ya simu wanaopima laini, wakamwomba abonyeze 9, 0 na alama ya reli kisha aweke mkono wa simu chini. Katika mitambo ambayo 9 ndiyo ya kupatia laini ya nje, hatua hiyo huweza kumwachia mpigaji laini. Uhamishaji ukizuiwa kama nilivyoeleza hila hii hufa, ila mwambieni mtu wa mapokezi hata hivyo.

Njia ya pili, ya intaneti, ndiyo ninayoishuku zaidi katika hali yenu. Mtambo unaopokea simu kupitia itifaki ya SIP, yaani kanuni za kuanzisha simu kwenye intaneti, kwa kawaida husikiliza kwenye mlango wa mtandao (port) wa 5060, na mlango huo ukiwa wazi kwa dunia nzima utagongwa mchana na usiku na programu zinazotafuta mitambo kama wenu. Programu hizo hujaribu nambari za ndani moja moja, kuanzia 100 kwenda juu, na kwa kila iliyopo hujaribu nywila. Angalieni kumbukumbu za mtambo. Huenda mkaona nambari moja ya nchi ya mbali ikijaribiwa mara nyingi ikiwa na vichwa tofauti: 00, kisha 000, kisha 900, kisha 9011, kisha +. Huyo ni mtu anayetafuta tarakimu ambazo mtambo wenu hutumia kupata laini ya nje, na atajaribu mpaka apate.

Dawa ya kwanza hapa ni kuondoa mlango machoni pa watu. Fayawoli, yaani kichujio cha mawasiliano kati ya ofisi na intaneti, ikubali mawasiliano ya SIP kutoka kwenye anwani za mtoa huduma wenu tu, na wafanyakazi walio nje waingie kwanza kwenye mtandao wa ofisi kwa VPN, yaani njia iliyofichwa ndani ya intaneti, ndipo simu zao zijisajili. Kuhamisha mlango kutoka 5060 kwenda nambari nyingine hupunguza kelele, lakini si kufuli. Baada ya hapo mtambo wenyewe ukatae simu za wageni wasiojitambulisha; katika Asterisk yenye moduli ya zamani ya SIP mpangilio huo huitwa allowguest na unapaswa kuwa "no", na wa pili, alwaysauthreject, uwe "yes" ili mtambo ujibu kwa namna moja iwe nambari iliyojaribiwa ipo au haipo. Kwenye ruta za Cisco zenye programu ya IOS kuanzia toleo la 15.1(2)T, orodha ya anwani zinazoaminika ipo tayari na simu kutoka kwingine hukataliwa. Ubaya ni kwamba fundi mwenye haraka, akiona simu halali zimekataliwa, huizima kinga yote badala ya kuongeza anwani moja kwenye orodha.

Nywila za kila nambari ya ndani ziwe ndefu na zitungwe na mashine, kwa sababu hakuna binadamu anayehitaji kuzikumbuka. Huwekwa mara moja ndani ya simu na basi. Hapa pana tundu ambalo wengi hawalioni. Simu ya mezani ya kisasa huchukua mipangilio yake kwenye seva, katika faili ambalo mara nyingi jina lake ni anwani ya kiwandani ya simu hiyo, iliyochapishwa chini ya kila simu, na ndani ya faili hilo nywila huweza kuwa imeandikwa waziwazi. Seva hiyo ikifikika kutoka intaneti, nywila ya herufi thelathini haina kazi. Vivyo hivyo ukurasa wa mipangilio wa simu yenyewe, ukiachwa na nywila ya kiwandani, ni sawa na kuacha ufunguo mlangoni.

Mpaka hapa tumezungumzia kuingia. Sasa tufike kwenye ruhusa, na hapa ndipo ningewaomba mtumie muda wenu mwingi. Wagawieni watumiaji madaraja machache: simu za ukumbini na za vyumba vya mikutano zipige ndani na nambari za dharura tu, wafanyakazi wengi wapige nchini, wachache wapige nchi zilizotajwa. Kila mtambo una jina lake kwa jambo hili, na Avaya, kwa mfano, hutumia ngazi za 0 hadi 7 kuamua nani atumie laini ipi, lakini wazo ni lile lile. Msianze kwa kuandika orodha ya nchi za kuzuia, kwa sababu orodha hiyo haitakwisha. Andikeni orodha ya nchi mnazofanya nazo kazi, ziruhusuni hizo, na kila kisichotajwa kikataliwe.

Ugumu uko katika namna nambari zinavyoandikwa. Anayezuia simu zinazoanza na 00 na kusahau alama ya + amefunga mlango akaacha dirisha, kwa kuwa simu ya SIP huweza kutuma nambari kwa namna zote mbili. Katika mpango wa nambari wa Amerika Kaskazini, ambako kimataifa hupigwa kwa 011, nchi kadhaa za Karibea hupigwa kwa 1 na tarakimu kumi kama simu ya mji wa jirani, mfano 876 ya Jamaika, kwa hiyo kuzuia 011 pekee hakuzizuii. Kumbukeni pia misimbo isiyo ya nchi yoyote: 881 na 882, ambayo hutumiwa na mitandao ya setilaiti na mingineyo ya kimataifa, na 979, iliyotengewa huduma za kimataifa za malipo ya juu. Sharti lolote katika mpango wa upigaji linalosema "tarakimu zozote, za urefu wowote" liondolewe na kuandikwa upya kwa urefu na mwanzo unaojulikana.

Baada ya saa za kazi, madaraja yote yashuke hadi simu za nchini. Nambari za dharura zisiguswe na sharti lolote, la saa wala la daraja, na baada ya kila badiliko hakikisheni bado zinapigika, kwa utaratibu mtakaokubaliana na mtoa huduma, pamoja na simu ya ndani ya lifti kama inapita kwenye mtambo huo.

Hayo yote yamo ndani ya mtambo, na mtambo uliokwisha kuvamiwa hauwezi kujilinda: mwizi mwenye nywila ya msimamizi huondoa madaraja kwa dakika mbili. Ndiyo maana naona kikomo kilicho kwa mtoa huduma ni kinga yenye thamani kuliko nyingine yoyote moja. Mwombeni mambo matatu kwa maandishi: azuie nambari za malipo ya juu na nchi zisizo kwenye orodha yenu, aweke idadi ya juu ya simu za kimataifa za wakati mmoja, mbili zikitosha, na aweke kiwango cha fedha kwa siku ambacho kikifikiwa simu za kimataifa hukatika zenyewe bila kungoja mtu. Kwa simu mbili tu kwa wakati mmoja, zile saa 62 hutoa dakika 7,440 badala ya 111,600. Bado ni hasara, lakini si ya kufilisi. Kama atasema hawezi kuweka kikomo chochote, hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kubadilisha mtoa huduma kuliko ya kubadilisha mtambo.

Tahadhari za kiotomatiki ni nyongeza nzuri iwapo zitamfikia mtu anayeamka. Barua pepe inayokwenda kwenye sanduku la ofisi Jumamosi usiku husomwa Jumatatu. Zielekezwe kwenye simu ya mkononi ya mtu mwenye uwezo wa kukata laini, na zichochewe na mambo machache: simu yoyote ya kimataifa nje ya saa za kazi, nambari moja ya ndani yenye mazungumzo zaidi ya mawili, na mafungu ya majaribio ya nywila yaliyokosewa. Nywila ya msimamizi na ile njia ambayo fundi hutumia kuingia kutoka kwake zibadilishwe pia, na njia hiyo ifunguliwe anapoihitaji tu.

Mtambo mpya ununueni ikiwa huu wa sasa haupokei tena masahihisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji wake, au ikiwa hauwezi kugawa ruhusa kwa madaraja. Vinginevyo fedha hizo zitumieni kumlipa fundi kwa siku mbili za kuandika mipangilio upya, akianza na ukurasa mtupu badala ya kurudisha nakala ya zamani, ambayo huenda ikarudi pamoja na alichokiacha mwizi. Akimaliza, kaeni naye Ijumaa baada ya ofisi kufungwa, mjaribu kuiba simu zenu wenyewe: kutoka simu ya ukumbini, kutoka ndani ya sanduku la sauti, kwa kuelekeza 214 nje ya nchi, na kwa nambari iliyotanguliwa na +. Kila jaribio liandikwe pamoja na jibu la mtambo, na lolote litakaloita upande wa pili lirudiwe hadi likatae.